Tezi Yangu na Risasi Niliyomfyatulia Mkata Miwa

Kama moyo wako unakwenda mbio hali umekaa kitini, na kila kliniki unayoingia wanakuambia ni mawazo, basi nakuandikia wewe. Na kama pamoja na moyo huo unabeba bunduki ya serikali, soma mara mbili. Mimi sikupata mtu wa kuniambia. Nasema mapema kwamba hasira bado ninayo, usije ukadhani utakutana na mgonjwa mpole humu.

Naitwa Mwende. Ni koplo wa polisi katika kituo kimoja cha huku kusini mwa Kwale, kati ya Msambweni na Ramisi, na jina la kituo nitaliacha. Wazazi wangu ni Wakamba waliopata shamba kwenye makazi ya Shimba Hills kabla sijazaliwa, kwa hiyo Kiswahili nilichokulia ni hiki cha pwani, na maaskari wenzangu wa kutoka bara hunicheka kwamba naongea kama mwalimu wa madrasa. Mume wangu, Mutua, ni mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani. Tuna mtoto mmoja, Neema, na haya yalipoanza alikuwa na miaka minne.

Yalianza wakati wa kiangazi, kwa mkanda wa sare. Nilitoboa tundu jipya kwa msumari, na baada ya wiki tatu nikatoboa jingine. Na nilikuwa nakula, jamani! Nilikula wali wa watu wawili, na kabla ya saa kupita naulizia viazi vya karai pale nje ya kituo. Mwili ukawa unakwisha vivyo hivyo. Mke wa sajenti mmoja, jirani yetu pale kambini, alinishika mkono akaniambia kwa ule upole wa kuudhi kwamba siku hizi dawa zipo na watu wanaishi miaka mingi. Nilikwenda kupima ukimwi mara mbili ili nimwonyeshe majibu. Majibu yalikuwa safi, lakini sikumwonyesha, nilimfokea tu.

Kisha jasho. Watu wote huku hutokwa na jasho, lakini mimi nililowa nikiwa nimesimama kivulini. Usingizi ukaniruka. Mikono ikaanza kutetemeka, kidogo kidogo, mpaka nikashindwa kumfunga Neema vifungo vya gauni la shule. Hasira sasa, hiyo ndiyo mbaya. Mutua akiacha kijiko kwenye meza, nampigia kelele kama aliyevunja nyumba. Siku moja alikusanya nguo zake akaenda kulala kwa mwenzake Ukunda siku mbili, kisha akarudi. Aliingia tu jikoni akapika.

Na macho. Macho yalianza kutoka nje, yakawa makubwa, hayafumbi vizuri. Nikimtazama mtu anarudi nyuma. Wenzangu kituoni walifurahi, wakasema Afande Mwende ameiva, hata mwizi akiangaliwa naye anakiri. Nilicheka nao. Ukweli ni kwamba macho yangu yalikuwa na ukali ambao mimi mwenyewe sikuwa nao, na watu waliniogopa kwa kitu ambacho hakikuwa changu.

Nilikwenda kliniki mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa malaria, ingawa kipimo kilikataa. Mara ya pili vidonda vya tumbo. Mara ya tatu kijana aliyevaa koti jeupe hakunitazama usoni, akaandika dawa ya usingizi na kusema, "Kazi yenu ina mawazo mengi, afande. Pumzika." Nipumzike wapi? Nilikaa kwenye lile benchi tangu saa moja asubuhi mpaka saa nane ili niambiwe nipumzike. Nilitoka nje nikalia kando ya tangi la maji, na nilipomaliza kulia nikajiosha uso nikarudi zamu.

Nilifanya jambo moja la maana wakati ule. Nilikwenda kwa mkuu wa kituo nikamwambia, "Afande, mikono yangu inatetemeka. Naomba nikae mezani kwa muda, nisichukue bunduki." Alinitazama akacheka, si kwa ubaya, ndivyo alivyo. "Mwende, watu ni wachache. Mnatetemeka nyote mkiona doria. Leta barua ya daktari, nitakuweka mezani kesho yake." Barua ya daktari! Daktari gani, yule wa kunipa dawa ya usingizi? Niliudhika nikaondoka. Kesho yake nilisimama kwenye dirisha la ghala la silaha nikatia sahihi nikachukua bunduki. Sitajificha nyuma ya mkuu. Nilijua mikono yangu ilivyo, na sahihi ni yangu.

Sasa nieleze siku yenyewe, maana wengi wameisikia upande upande.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Dereva wa bodaboda alifika kituoni anahema, akasema wanaume wawili wamemtishia kwa panga, wamechukua pikipiki yake, ikawazimikia mbele kidogo na wao wakakimbilia kwenye miwa. Tulikwenda mimi na Konstebo Kiptoo, kijana wa Bonde la Ufa ambaye alikuwa hajamaliza miezi miwili huku kwetu. Tuliikuta pikipiki imeangushwa kando ya njia. Miwa ilikuwa imesimama pande zote mbili, mirefu kuliko sisi. Moyo wangu ulikuwa ukipiga mpaka nausikia masikioni, na wala sikuwa nimekimbia. Nilisikia majani yakivunjika ndani.

Nikaita kwa sauti kubwa, "Wewe huko! Toka!"

Ikajibu sauti ya mwanamume, "Naam! Nipo!" Kisha panga likapanda juu ya miwa, linang'aa, likaanza kuja upande wangu.

Hapa lazima nisimame nikuambie ninachokijua. Miwa ikishafika urefu wake, mtu aliye ndani haonekani. Mnyapara akiita, mkataji huinua panga juu ya majani ili ajulikane yuko mstari gani, kisha hutoka akiwa ameliinua vile vile, kwa sababu ukilishusha katikati ya miwa unaweza kumkata mwenzio aliyeinama. Ndivyo wanavyoitika. Baba yangu alikuwa na ekari mbili za miwa, na mimi nimewapelekea wakataji maji tangu nina miaka saba. Nimeona mapanga yakipanda juu ya miwa mara elfu, na kila mara maana yake ilikuwa mtu ana kiu.

Mtu alitoka kwenye miwa, hatua kumi hivi kutoka kwangu, panga juu. Mimi niliyekulia kwenye miwa nilifyatua. Kiptoo, ambaye alikuwa hajawahi kuona shamba la miwa mpaka alipoletwa huku, hakufyatua. Alipiga kelele, "Afande, zii, usipige!" lakini risasi ilikuwa imekwisha kutoka.

Ilipita juu ya bega lake la kushoto ikakata majani. Sikumkosa kwa kutaka. Mkono ulitetemeka. Ugonjwa ulionisukuma nifyatue ndio ulionifanya nikose shabaha, na mpaka leo sijui nimshukuru nani kwa hilo. Yule bwana alikaa chini taratibu sana, panga bado liko juu, kwa sababu hakuna aliyemwambia alishushe. Kiptoo ndiye aliyekwenda akamtoa panga mkononi, kidole kimoja kimoja.

Jina lake ni Nyamawi. Ni Mduruma wa huko ndani Kinango, mtu wa makamo. Ukame uliwamaliza mbuzi wake akaja huku kutafuta kibarua cha kukata miwa. Pikipiki hakuiona wala hakuisikia. Wenye kuiba walikuwa wamekwisha tokea upande wa pili, na hawakupatikana kamwe.

Risasi ya serikali ikitoka lazima ielezwe. Mkuu wa kituo aliniketisha ofisini kwake, akaniagizia chai, akasema, "Tusipoteze muda. Alikuwa na panga?" Nikasema alikuwa nalo. "Alikuwa ameliinua?" Ndiyo. "Alikuwa anakujia?" Ndiyo. "Basi andika hivyo hivyo. Usiongeze, usipunguze." Niliandika. Alinipa kalamu nyingine kwa sababu ya kwanza ilikuwa ikiruka karatasini. Kila neno nililoandika lilikuwa la kweli na taarifa nzima ilikuwa uongo, kwa sababu sikuandika kwamba nilimwita. Jioni ile Nyamawi alikuwa mahabusu, ameshtakiwa kumtishia afisa wa polisi kwa silaha. Ilibidi awe na kosa, la sivyo risasi yangu ingekuwa haina sababu.

Na mimi niliamini. Hilo ndilo gumu kulielewa. Niliporudi nyumbani nilimwambia Mutua nimeponea chupuchupu, mtu amenijia na panga. Niliamini kwa sababu moyo wangu ulikuwa umeniambia ni hatari, na nilikuwa sijajua bado kwamba moyo wangu unasema hatari hata nikiwa nasonga ugali.

Wiki mbili baadaye, mvua za kwanza za masika zikinyesha, nilianguka bafuni. Mutua alinikuta nimelala sakafuni, sabuni machoni. Safari hii nilipelekwa hospitali kubwa, nikakutana na Daktari Zainabu, mwanamke mfupi mwenye maneno machache. Alinitazama macho, akaniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole vyangu, na karatasi ikapiga kelele. Akasimama nyuma yangu, akanishika shingo akaniambia nimeze mate. "Hii tezi," akasema, "inafanya kazi kupita kiasi. Umekuwa hivi tangu lini?" Nikamwambia tangu kiangazi, miezi minne. "Na hakuna aliyekushika shingo?" Hakuna, daktari. Hakuna aliyenishika shingo. Rovu la kuonekana shingoni sikuwa nalo, na kwa sababu halionekani basi nilikuwa na mawazo.

Nitakuambia kweli, nilifurahi. Ugonjwa una jina! Siku nzima nilikuwa nikilisema jina lake kama mtu aliyepata ahadi ya kazi. Mama yangu alipokuja kutoka Shimba Hills nilimwambia, "Mama, si uchawi, si ukimwi, si kichaa. Ni tezi." Naye akasema, "Asante Yesu," akaanza kunikunjia nguo.

Nilipewa vidonge vya kuituliza tezi na vingine vya kuushika moyo. Kila wiki sita nilirudi kutolewa damu. Kama unaanza safari hii, jua kwamba utalijua lile benchi la maabara kuliko kochi la kwako. Kwenye benchi hilo nilifahamiana na Bi Mwanasha wa Jego, mama mtu mzima mwenye rovu lililomshukia kifuani, ambaye alikuwa akifika kabla ya wote na kunishikia nafasi kwa kuweka kanga yake. Alikuwa akimenya machungwa na kunipa nusu bila kuniuliza. Siku aliyoniona nimevaa sare alishtuka. "Kumbe wewe ni askari! Mbona hukunambia, nami nakupa machungwa bure?" Tulicheka mpaka muuguzi akatufokea.

Masika ikaisha, kusi ikaingia, na mikono ikatulia. Siku niliyomfunga Neema vifungo vyote vitano nilimwita Mutua aje aone. Hasira zikapungua. Nikaanza kuwasikia watu wakizungumza bila kudhani wananisema. Mkuu alikuwa ameniweka mezani kwa sababu sasa barua ya daktari ilikuwepo. Ilibidi kwanza mtu akaribie kufa, lakini ilikuwepo. Na kadiri damu ilivyotulia, ile asubuhi ikaanza kunirudia kwa namna nyingine. Nilikuwa naosha vyombo siku moja nikaisikia ile sauti, "Naam! Nipo!" Nikaacha sufuria. Mtu anayekuja kukuua hasemi naam.

Hapo ndipo Mbeyu alipokuja kituoni. Nilikuwa mezani, peke yangu. Mwanamke mwembamba, vumbi la Kinango bado miguuni, amebeba mfuko wa nailoni. Alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za kazi, habari za nyumbani, mimi nikamjibu. Kisha akasema, "Afande, mimi ni mke wa Nyamawi, aliyeshikwa kwenye miwa. Kesi yake imesogezwa mara tatu. Kule mahakamani wameniambia shahidi ni mgonjwa."

Kumbe bado yuko rumande! Nilikuwa nimedhani ametoka kwa dhamana zamani. Kumbe mdhamini hakupata, huko kwao hakuna mwenye hati ya shamba ya kuweka, na kila niliporudi hospitali, kila siku niliyolazwa, kesi yake ilisukumwa mbele. Mimi nilikuwa nahesabu wiki sita zangu, naye alikuwa akizikaa gerezani.

"Nimekuja kuuliza tu," akasema Mbeyu. "Huyo mgonjwa atapona lini?"

Sikumwambia ni mimi. Nilisema nitaulizia. Alinishukuru, akanitakia kazi njema, akaenda zake. Nimefanya mambo ya aibu maishani lakini lile la kushukuriwa na Mbeyu ndilo linaloniwasha mpaka sasa.

Nilikwenda kwa mkuu siku hiyo hiyo. Nikamwambia taarifa yangu haikukamilika, yule mtu alikuwa anaitika, nataka kuandika nyingine. Alifunga mlango. "Mwende, wewe unajua unachosema? Ukiandika hivyo, ulimfyatulia raia asiye na kosa. Utafutwa. Na mimi niliyekupa bunduki nitaulizwa. Unataka kutuvua nguo?" Nikamwambia, nilikuomba usinipe. Akasema, "Hilo liko wapi limeandikwa?" Halikuandikwa popote.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Mutua hakunipigia kelele. Heri angenipigia. Alisema, "Mke wangu, umepona juzi tu. Vidonge unapata kwa bima ya kazi. Ukifutwa, utavipata wapi? Hakuna aliyekufa. Kesi itaanguka yenyewe." Nikamwambia imesogezwa mara tatu na bado mtu yuko ndani. "Kwa hiyo huyo Nyamawi ni muhimu kuliko Neema?" Nilimrushia kikombe. Nasema kweli, nilirusha, na tezi ilikuwa imetulia kabisa kwa vipimo. Hapo nikajua hasira nyingine zilikuwa zangu tangu zamani.

Jambo hilo lilinisumbua mno, nikampelekea Daktari Zainabu. Nilimuuliza, je, ugonjwa huu unaweza kumfanya mtu apige risasi? Nilitaka aseme ndiyo. Nilitaka sana. Alivua miwani yake akasema, "Unaweza kuufanya moyo ukimbie, ukaona hatari pasipo hatari, ukaharakisha. Hayo nitakuandikia na nitatia mhuri. Lakini kidole ni chako, Mwende, siwezi kukuandikia kidole." Nilimkasirikia kwa wiki nzima.

Lakini hapo ndipo lilipo tatizo lote, na ndilo nililokuwa nikilizunguka kitandani. Chuoni tulifundishwa risasi ni ya mwisho, kuokoa maisha tu. Onya kwanza. Angalia. Pima. Naweza kukusomea hayo nikiwa usingizini. Lakini anayepima ni nani? Ni huyo huyo mwenye moyo unaokimbia. Kila siku bunduki ilipimwa, risasi zilihesabiwa moja moja, na hakuna aliyempima aliyeishika. Kwenye ghala wangekataa bunduki yenye kutu. Mimi walinipitisha na macho yametoka nje.

Vidonge havikutosha, damu ilikuwa ikipanda na kushuka, kwa hiyo mwanzo wa vuli daktari aliamua nimeze dawa ya mionzi, ya kuichoma tezi kutoka ndani. Tulivuka kivuko cha Likoni, Mutua na mimi, tukaenda Mombasa. Ni kidonge kimoja tu! Wanakuletea ndani ya chombo kizito, anayekuletea anarudi nyuma, na wewe ndiwe unayetakiwa kukimeza. Baadaye nilikatazwa kumkaribia mtoto kwa siku kadhaa. Nilikaa chumba cha nyuma kwa mama, na sahani yangu, na kijiko changu. Neema alisimama nje ya dirisha akaniuliza amekosa nini. Kama utapitia hili, mweleze mtoto kabla hujaondoka, usifanye kosa langu la kufikiri ataelewa.

Kwenye chumba hicho, bila wa kuongea naye, ndipo nilipoamua. Sikuhitaji ruhusa ya mkuu. Nilikuwa na mwito wa mahakama kama shahidi, na shahidi huulizwa yeye mwenyewe, si mkuu wake.

Siku ya kesi nilikuwa nimegeuka mtu mwingine. Tezi iliyokuwa ikikimbia sasa ilikuwa imelala. Nilikuwa nimevimba uso, sauti nzito, nasikia baridi kwenye joto la watu wote, na kila neno lilinichukua muda kulitafuta. Mwendesha mashtaka aliniuliza alichotarajia: je, mshtakiwa alikuwa na panga? Nikasema ndiyo. Aliliinua? Ndiyo. Kwa nia gani?

"Mheshimiwa," nikamwambia hakimu, "nilimwita. Alikuwa ananiitika."

Nikaeleza yote. Miwa ya baba yangu, mnyapara, panga juu ya majani, "naam, nipo". Nikaeleza ugonjwa, nikatoa barua. Nikasema pia kwamba daktari ameikataa sehemu ya kidole. Mwendesha mashtaka alikaa. Mkuu wa kituo, aliyekuwa nyuma kabisa, alitoka nje, na viatu vyake vilisikika mpaka mwisho wa ukumbi.

Nyamawi hakuwa na wakili. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota mvi ambazo hakuwa nazo. Hakimu akamuuliza kama ana swali kwa shahidi. Alishika kizimba kwa mikono miwili.

"Ninalo moja, mheshimiwa." Akanigeukia. "Afande, kwanza pole kwa ugonjwa."

Nikamwambia asante.

"Mimi nikitoka hapa narudi kukata miwa, sina kazi nyingine. Na wewe ukipona utarudi kazini kwako. Sasa siku ukiniita tena, niitike vipi?"

Jibu la chuoni likatoka lenyewe. "Usimame, uinue mikono."

"Mkono ndio nilioinua," akasema.

Hakimu aliacha kuandika akanisubiri. Nyamawi aliachiliwa siku ile ile, na nje ya mahakama Mbeyu alinipita akiwa amemshika mumewe kiwiko. Alinitambua. Safari hii hakunisalimu, na nilimwona ana haki.

Sikufutwa kazi. Nilipewa barua ya onyo, nikanyang'anywa silaha, nikaachwa mezani. Mutua alikaa wiki nyingi akinijibu kwa neno moja moja, kisha siku moja akaniletea kutoka hotelini miche ya mwaridi, tukaipanda nje ya mlango. Nameza kidonge kimoja kila alfajiri, kabla ya chai, nami nitakimeza mpaka kufa. Macho yamerudi ndani kiasi. Wewe unayesoma, ukikonda huku unakula, moyo ukikimbia, mikono ikitetemeka, waambie wakushike shingo na wapime damu ya tezi. Wakisema ni mawazo, kaa pale pale kwenye benchi, usiondoke. Na kama ni askari, omba kwa maandishi usipewe silaha, ubaki na nakala.

Wiki iliyopita, damu ikiwa imetulia tangu kaskazi ianze, Daktari Zainabu aliandika kwamba sina kizuizi cha kubeba silaha. Mkuu wa kituo, ambaye tumeshazoea kusalimiana tena, aliniwekea fomu mezani. Ina nafasi tatu. Ya daktari ilikuwa imejazwa. Ya kwake alikuwa ameijaza kabla hata sijaketi.

"Weka sahihi hapo, Mwende. Umepona. Watu ni wachache."

Nilishika kalamu, mkono umetulia kabisa, nikaiweka chini. Nikamwambia, "Afande, siwezi kutia sahihi. Sijapata cha kumjibu Nyamawi."

Akakunja uso, akijaribu kukumbuka.

"Nyamawi ni nani?"